Gitaa Lililopakwa Namba ya Ushirika

Siku niliyoishiwa uvumilivu nilikuwa nimeshika mwiko, na nadhani ndiyo maana wale wanaume watatu walinyamaza haraka. Walikuwa wamekaa uani kwetu, Bariadi, tangu asubuhi, wanakula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, niliyoichemsha na karanga, na wanabishana. Ubishi wenyewe ulimhusu Mzee Luhende, mpiga gitaa mkongwe ambaye mji mzima ulimwita Mzee Roki, na mwenyewe alikuwa hapo hapo, hatua tatu kutoka kwao, kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, hana gitaa. Sitta wa Binza alisema hakuna mtu kanda yote anayevuta uzi ukalia kama yule mzee. Nkwabi wa Malampaka akasema kuvuta uzi kila mtu anavuta, sifa ya mzee ni mkono wa kulia. Mabula wa Kiloleli, aliyekuwa mpiga gitaa wa kwaya, alitafuna tu. Mimi nilikuwa jikoni, mwanangu Holo mgongoni, moshi machoni, nikijisemea kwamba angalau mzee amepata watu wa kumfariji. Ndipo nikamsikia Sitta anapunguza sauti. "Lakini jamani, Jumamosi kwenye mnada tusipandishiane bei. Tukubaliane mmoja wetu alichukue." Nkwabi akajibu, "Mimi nimeshauza ndama kwa ajili yake. Bora liangukie kwa mtu anayelijua kuliko kwenda kuning'inia kwenye baa." Kumbe walikuja kununua gitaa lake. Nilitoka jikoni, nikainua sufuria mbele yao, mkono wa Sitta ukabaki hewani na kipande cha kiazi. Nikasema, "Mnamsifu vidole tangu asubuhi, na mmekuja kununua gitaa lake akiwa hai? Si mngesubiri afe basi! Au leteni kisu kabisa, mchukue na hivyo vidole, mgawane." Mzee Roki ndiye aliyenijibu. "Mama Holo, warudishie chakula. Wageni hao." Nikamwambia, "Hawa si wageni, ni wanunuzi." Akasema, "Najua. Nilisikia kabla yako."

Hayo ni ya zamani. Holo niliyembeba siku ile sasa ana watoto wanaonizidi urefu. Nimeyakumbuka kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Mzee Roki, na kwenye msiba, ua ule ule, walikuja wapiga gitaa kutoka kila upande, wengine wazee wenye fimbo, wengine vijana waliobeba magitaa mgongoni kama mimi nilivyokuwa nimebeba mtoto, na wote wakafanya kile kile: wakakaa, wakala, wakabishana. Kijana mmoja alinionyesha kwenye simu mzungu wa mvi anapiga gitaa mbele ya umati, akaniambia, "Bibi, huyu ndiye mkubwa wa roki duniani, lakini guku wetu, babu yetu huyu, alikuwa anamwacha mbali." Nilimwambia habari za dunia sizijui, mimi namjua aliyekuwa anapiga nyuma ya ukuta wangu. Akaniuliza alikuwa na siri gani. Wote huuliza hivyo, kana kwamba mzee aliificha mahali na mimi mpangaji mwenzake niliiona nilipokuwa nafagia. Sikumjibu, kwa sababu jibu lake ni refu, na ni la mwaka mmoja, na kwenye mwaka huo nilikuwa na hasira nyingi kuliko chumvi ndani ya nyumba. Baba Holo alikuwa amekwenda machimboni na hakurudi. Sitaandika zaidi juu yake, hana sehemu humu.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba vinne kwa mstari mmoja, matofali mabichi, bati juu. Changu kilikuwa cha tatu, cha Mzee Roki cha nne, na ukuta kati yetu haukufika juu. Uliishia chini ya mapaa, ukaacha nafasi ambayo kuku angeweza kupita, na kweli walipita. Kwa hiyo nilimjua mzee kwa masikio kabla ya kumjua kwa sura. Gitaa la umeme lisipochomekwa kwenye spika lina sauti ndogo, kavu, kama ufuta unaomwagwa juu ya ungo. Kila alasiri, akitoka kazini, alikaa kitandani akapiga hivyo, bila umeme, kwa sababu umeme nyumba ile haukuwepo. Holo alikuwa mtoto wa kulia. Alilia kwa njaa, kwa joto, kwa chawa wa kuku, na mara nyingine alilia bila sababu. Lakini sauti ile ilipoanza alinyamaza, akageuza uso ukutani, akalala. Siku ya kwanza nilidhani ni bahati. Siku ya tatu nilikwenda kugonga mlango wa jirani, nikasalimia, "Mwadila, baba," akaniita mama kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu. Nakusumbua?" Nikamwambia hapana, anisumbue zaidi. Alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo nikawa nampelekea ugali wa mtama na mlenda, na yeye akawa anapiga mapema kidogo, wakati ambao Holo alianza kusumbua.

Nilikuwa na cheti changu cha kidato cha nne ndani ya begi la plastiki, na nilijiona mtu wa maana, kwa hiyo nilimhoji kama mwalimu. Mziki gani huu? Akasema, roki. Nikasema roki ya wapi, hapa Bariadi? Basi akanisimulia kwamba ujanani, Mwanza, alipiga na wenzake kwenye hoteli moja, nywele zake zimefumuka kama kichaka, suruali pana chini, wanajifunza kutoka kwenye sahani za santuri zilizokuja kutoka Nairobi. Walikuwa wanapiga kwa kelele kiasi kwamba mwenye hoteli alivaa pamba masikioni. "Pamba ya huku huku kwetu," alisema. Gitaa alilinunua huko kwa jasho lake la miaka. Baadaye roki ikaonekana ni uhuni wa kigeni, hoteli ikabadilisha mambo, naye akarudi nyumbani na gitaa lake kwa treni mpaka Malampaka, kisha kwa lori mpaka Bariadi. Ushirika wa pamba ulikuwa na bendi. Wakamwajiri kama karani wa mizani siku za kazi na mpiga solo siku za bendi. Msimu wa kununua pamba ukifika, bendi ilipanda lori la ushirika na kwenda vituoni, watu walete pamba na wacheze. Nyimbo zilikuwa za Kisukuma, za kulima na za kusifu ng'ombe, lakini katikati ya wimbo mzee aliachia ile roki yake, uzi mmoja anauvuta unalia kama ndama aliyeachwa, na vibibi vizee wakatupa khanga juu. Nimeyaona hayo kwa macho, ukumbi wa ushirika, Jumapili mchana, Holo amelala mgongoni kwangu mbele ya spika kubwa kuliko mlango.

Sasa nifike kwenye kosa, kwa sababu kosa lilikuwepo, na yeye mwenyewe hakulikana. Kila kitu cha ushirika kilipakwa namba kwa rangi nyeupe ya mafuta. Viti, mizani, meza, ngazi, hata ndoo ya chooni. Kisicho na namba hakikupanda lori, hakikununuliwa vipuri, hakikulala stoo. Mzee Roki alipoajiriwa, mtunza stoo alimwambia, "Lete hilo gitaa tulipake namba, la sivyo nyuzi utanunua mwenyewe." Akalileta. Wakaligeuza, wakalipaka namba mgongoni, kubwa, ya mkono unaotetemeka. Kuanzia hapo, kila akilichukua kwenda nalo nyumbani alisaini kitabu cha stoo, na akilirudisha alisaini tena. Nilimuuliza, baba, uliwezaje kukubali mali yako ipakwe namba ya watu? Alinishangaa kabisa. Akasema kwao, baba yake alikuwa na ng'ombe kumi na moja, na saba kati yao walikuwa kwenye zizi la rafiki yake, mbali, kwenye malisho mazuri. Yule rafiki aliwachunga, akanywa maziwa, akachukua samadi, akawatia alama ya zizi lake ili wasipotee. Walipokufa wazee wote wawili, watoto walikaa kikao kimoja, wakala, ng'ombe wakarudi na ndama zao. Hakuna aliyeuliza karatasi. "Ng'ombe anajulikana ni wa nani," alisema. "Alama ni ya zizi tu. Nami nililitia gitaa langu kwenye zizi la ushirika. Wao wanywe maziwa, ng'ombe ni wangu." Na kwa miaka yote ile ilikuwa hivyo kweli. Mtunza stoo alijua, dereva wa lori alijua, bendi nzima ilijua. Ni sisi watu wa huku tu tunaoweza kulikosea jambo kwa namna hiyo, kwa kudhani kila zizi lina mwenyewe anayekumbuka.

Mwaka ule ninaousema ndio wanunuzi binafsi wa pamba waliruhusiwa. Tulikuwa tumezoea mnunuzi mmoja. Ghafla yakaja malori ya rangi tusizozijua, mizani mipya, vijana wenye miwani ya jua wanalipa hapo hapo. Sokoni kukajaa mitumba, sabuni za kila harufu, redio kaseti. Wakulima hawakuwa na sababu ya kusubiri bendi ya ushirika tena, na mwenye kaseti na spika mbili aliweza kuchezesha disko bila kulisha wanamuziki wanane. Sisemi ilikuwa mbaya yote. Mimi mwenyewe nilinunua mitumba ya Holo na nikafurahi. Lakini ushirika ulipungua kama mtu mgonjwa, leo kuna karani, kesho hayupo, halafu akaja mtu kutoka mkoani, wakati huo bado tuko chini ya Shinyanga, akaitwa mfilisi. Alikuwa mtu wa utaratibu, shati safi, kalamu mbili mfukoni. Alifunga ukumbi na stoo kwa kufuli na karatasi yenye mhuri, akaandika orodha ya kila chenye namba, akabandika tangazo la mnada. Wiki hiyo bendi ilikuwa imepiga Jumapili, na mzee, kwa uchovu, aliliacha gitaa stoo lilale huko siku mbili. Jumatatu asubuhi kufuli ikawekwa.

Alikwenda ofisini mara moja tu. Nilimsindikiza, nikabaki mlangoni nanyonyesha, nikasikia yote. Alisalimia vizuri, akaeleza vizuri. Mfilisi hakuwa na dharau, hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana mtu mwenye dharau unaweza kumjibu. Alifungua kitabu cha stoo, akakigeuza kwa upande wa mzee. "Mzee wangu, hii ni saini yako?" "Yangu." "Na hii? Na hii? Kurasa zote hizi umeandika umeazima gitaa la ushirika. Mtu anaazima kitu chake mwenyewe?" Mzee alizitazama saini moja moja. "Una risiti?" "Aliyeniuzia naye alikufa, na duka nalo limeshafungwa." "Basi nisaidie, mzee. Mimi nafanya kazi na kilichoandikwa." Mzee akasema asante, akatoka, akanipita mlangoni kama hanioni. Jioni ile Holo alilia, nami nikangoja kwa mazoea ufuta umwagike juu ya ungo. Nyuma ya ukuta kulikuwa kimya. Baadaye nikasikia kitu kinagusa mti, taratibu, tap, tap. Asubuhi niliona ni mpini wa jembe. Alikuwa ameulaza mapajani na kupiga juu yake. Alipiga hivyo kila siku. Mtoto hakudanganyika.

Kwa hiyo siku ile ya michembe nilikuwa nimeshalimbikiza hasira. Sufuria niliirudisha chini, kwa kuwa mzee alisema, lakini sikuondoka. Nilikaa nayo katikati ya miguu yangu nikaingiza mkono ndani ya begi la plastiki, nikatoa daftari. Nkwabi, mtu mkubwa wa mwili, aliyekuwa mchukuzi wa mizigo pale stesheni ya Malampaka tangu ujana wake, alianza kujitetea. "Mama Holo, sisi tunampenda mzee. Nani atakwenda kugombana na mfilisi?" Nikamwambia, "Hakuna anayegombana. Nyie si mnajua kumsifu? Haya, sifuni, naandika. Lakini kila sifa uniambie umeijuaje. Anayesema 'anapiga vizuri' hali kitu." Sitta akacheka, "Ee, tumepata hakimu." "Anza wewe, unayecheka."

Sitta alikuwa kijana, anaringa, vidole vinakimbia juu ya gitaa kama panya darini, na wote walijua kwamba kwa mbio alishampita mzee. Alijikuna kichwa. "Mimi kinachoniua ni dole gumba." Dole gumba gani? "La kushoto. Sisi wote tunabana nyuzi kwa vidole vinne, dole gumba limekaa nyuma ya shingo ya gitaa, halifanyi kazi. Yeye analipitisha juu, anabana nalo uzi mnene, kwa hiyo anakuwa na besi yake mwenyewe huku anapiga solo. Nimejaribu miaka miwili, mkono unaniuma mpaka kwapani." Umejuaje kama si kipaji tu? "Kwa sababu aliwahi kunipa nilishike. Nyuma ya shingo pameliwa, pana shimo, kama pale kwenye jiwe la kusagia. Dole gumba langu liliingia likapotea. Mtu hafanyi shimo lile kwa mwaka mmoja." Nikaandika: shimo nyuma ya shingo. Mzee Roki alikitazama kidole chake kana kwamba kimesemwa vibaya.

Nkwabi yeye alishikilia mkono wa kulia. Alisema watu wa roki wanategemea umeme. Ukiwazimia spika wanabaki kama mtu aliyevuliwa nguo. "Huyu nilimsikia mara ya kwanza bila umeme wowote. Alishuka kwenye treni kutoka Mwanza, mimi nikambebea kasha. Lori la Bariadi lilichelewa, akakaa kwenye mizigo, akalitoa, akapiga. Watu wa stesheni wote waligeuka. Mkono unapiga uzi kama unaongea na mtu mmoja, lakini wote mnasikia." Kalamu yangu ilisimama. Nikamuuliza, "Alishuka na gitaa?" "Ndiyo." "Hili hili?" "Hili hili. Si nakwambia kasha nililibeba mimi?" "Alikuwa ameshaajiriwa ushirika?" "Ushirika wapi! Nywele zilikuwa bado kama kichaka. Askari wa stesheni alitaka kumkamata kwa nywele." Nikauliza atajuaje kwamba ni gitaa hilo na si jingine. Nkwabi akafikiri, akalamba vidole. "Pale juu, nyuzi zinapopita kwenda kukazwa, pana kipande cheupe. Magitaa mengine ni plastiki. La kwake ni mfupa. Nilimuuliza siku ile ile, akaniambia cha plastiki kilivunjika, akachonga kingine kwa mfupa wa mguu wa ng'ombe aliyechinjwa kwenye msiba wa mama yake. Ngosha," akamwambia Sitta kama mwanaume kwa mwanaume, "mimi niliogopa kulishika tena." Wote tukamgeukia mzee. Akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimepiga mstari mara mbili chini ya neno mfupa. Mtu huyu alikuwa na ushahidi miaka yote ndani ya kichwa chake, akauweka humo kama sifa, halafu akauza ndama.

Akabaki Mabula. Alikuwa mtu wa polepole, mkulima wa mpunga, alikuja kwa baiskeli kutoka Kiloleli. Alisema, "La kwangu si la kuandika." Nikamwambia anayekula anaandikwa. Akaeleza kwamba Jumapili moja, ukumbini, alipanda jukwaani bibi mmoja, mlimaji wa kawaida, akataka kuimba wimbo wake wa kulea. Sauti ilikuwa nyembamba, imepasuka. Bendi ikawa inacheka chini chini. "Mimi nilikuwa mbele kabisa. Nikasema leo mzee atamfunika huyu bibi kwa roki yake. Alikuwa na uwezo huo, spika ile angeweza kubomoa ukuta. Akapunguza. Akashuka chini ya sauti ya bibi, akawa anapiga pale tu bibi anapovuta pumzi, uzi mmoja, anaacha. Bibi akaanza kuimba vizuri. Sijui niseme nini. Bibi akawa mwimbaji." Akatafuna kidogo. "Tangu siku ile mimi kanisani napiga kidogo. Watu wanasema nimezeeka." Nikamwambia, hiyo ni nzuri lakini si ushahidi, haina cha kuonyesha. Mabula akasema, "Andika tu, mama Holo." Na wale wawili waliokuwa wanabishana tangu asubuhi, Sitta mwenye mbio na Nkwabi mwenye mkono wa kulia, wakasema kwa pamoja, "Hiyo andika." Ndiyo siri ambayo yule kijana wa simu aliniuliza mwezi uliopita. Wanaopiga gitaa wanaijua wote. Kumwona mtu anayeweza kufanya makubwa, na amechagua kumpisha mwingine, ndicho kitu ambacho vidole haviwezi kuiga.

Mzee Roki alikuwa amesikiliza yote akitazama chini. Nilidhani atafurahi. Akasema, "Mama Holo, usiandike kama mimi sina kosa. Namba nilikubali. Saini ni zangu. Andika hivyo kwanza, halafu hayo mengine." Nikamwambia, baba, mtu haanzi malalamiko kwa kujishtaki. "Wewe andika. Wakikuta uongo mmoja watalitupa lote." Tukabishana kidogo, nikashindwa. Niliandika barua mara nne, na karatasi ya kaboni niliazima kwa mwalimu jirani. Sitta na Nkwabi na Mabula waliweka sahihi, na Nkwabi, ambaye hakujua kuandika, aliweka dole gumba kwa wino wa kalamu yangu iliyovuja.

Ofisini karani aliniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikasema mpangaji mwenzake. "Mpangaji hana malalamiko. Aje ndugu." Nikasema ndugu watakuja Jumapili, mnada ni Jumamosi, gonga mhuri. Akasema mhuri unagongwa barua ikipokelewa, na barua haijapokelewa. Basi nikakaa kwenye benchi la nje. Holo alilia. Nilimwacha alie, ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kufurahia kilio chake. Alilia mpaka watu wa foleni wakamwambia karani wao wenyewe, gonga huo mhuri tupumzike. Mfilisi akatoka kuuliza kuna nini. Akachukua barua, akaisoma amesimama pale pale mlangoni, ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili, akarudia wa kwanza. Aliingia ndani na nikasikia mhuri mara mbili, juu ya ya kwangu na juu ya nakala.

Ile nakala nilidhani imepotea. Mwezi uliopita, baada ya mazishi, Sitta, ambaye sasa ana mvi na hapigi tena kwa mbio, alilitoa kasha chini ya kitanda cha marehemu, akalifungua mbele yetu. Gitaa lilikuwemo, lile lile alilorudishiwa kabla ya mnada, namba nyeupe bado mgongoni. Mzee hakuwahi kukubali ifutwe. Chini yake, kwenye kitambaa, karatasi mbili zimekunjwa mara nne, wino wa kaboni umegeuka rangi ya zambarau, tarehe imeliwa na mkunjo. Nainakili kama ilivyo.

*

Kwa Mfilisi wa Chama cha Ushirika,
Bariadi.

YAH: MALALAMIKO JUU YA GITAA KUWEKWA KWENYE MNADA WAKATI LINA MWENYEWE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi si ndugu wa mwenye gitaa. Ni mpangaji, chumba cha tatu. Nalalamika kwa niaba ya Mzee Luhende, chumba cha nne, kwa sababu yeye hapendi kulalamika.

Kwanza, ameniagiza niseme kwamba namba iliyoko mgongoni mwa gitaa aliikubali mwenyewe, na saini za kuazima ni zake. Alilitia gitaa kwenye ushirika kama watu wa huku wanavyotia ng'ombe kwenye zizi la rafiki. Hakujua kwamba zizi linaweza kufilisika.

Pili, gitaa lilikuja kabla ya namba. Shahidi ni mchukuzi wa stesheni ya Malampaka aliyebeba kasha siku mzee aliposhuka kwenye treni, bado hajaajiriwa na ushirika. Shahidi anasema, bila kuliona tangu mlipofunga stoo, kwamba juu ya shingo pana kipande cha mfupa wa ng'ombe badala ya plastiki. Shahidi wa pili anasema nyuma ya shingo pana shimo la dole gumba la kushoto. Tunaomba kasha lifunguliwe mbele ya watu. Kama mfupa haupo, uzeni. Kama upo, mwiteni mzee aweke dole gumba lake kwenye shimo, na mtu yeyote wa ofisi yako aweke la kwake, muone ni la nani.

Tatu, shahidi wa tatu hana cha kuonyesha. Anasema tu kwamba mzee huyu akiwa na sauti kubwa kuliko wote ukumbini, aliipunguza ili bibi mmoja asikike. Nimeambiwa niandike, nimeandika. Kwa hiyo msitegemee kwamba atakuja kupiga kelele hapo ofisini. Hatakuja. Ndiyo maana nimekuja mimi.

Naomba jibu kabla ya Jumamosi. Halina haja ya kutumwa kwa posta. Nitalisubiri kwenye benchi lenu la nje, mimi na mtoto.

Wako katika kulalamika,
Minza Masunga
(Mama Holo)